Posa Iliyodhaniwa Utani

Nassibu alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimia ataitika, ukimwuliza atajibu, kisha basi, kama bomba la mtaani siku ya mgao. Watu wa Mwananyamala walikwisha mzoea. Alikuwa amevuka miaka arobaini, mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi anapokaa na wageni.

Kwao ni Tabora. Alimaliza darasa la saba, akapanda treni kuja Dar es Salaam kwa mjomba wake, na mjomba akamtafutia kazi ya ufumaji katika kiwanda cha nguo. Kazi ile aliipenda. Alisimama mbele ya mashine zilizopiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, akiangalia nyuzi. Uzi ukikatika, mfumaji anatakiwa auone na kuufunga upesi kabla nguo haijaharibika. Nassibu aliuona mapema kuliko wenzake. Na kwa kuwa mle ndani hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, uchache wake wa maneno haukumkera mtu.

Baadaye mitumba ikajaa kila soko, watu wakawa wanavaa za Ulaya kwa bei ya karanga, na kiwanda kikasimama. Wafanyakazi wakapunguzwa, Nassibu akiwa miongoni mwao. Yeye na mkewe walikwisha achana zamani, kwa heri, bila ugomvi. Akabaki na chumba chake cha kupanga na mikono yake.

Aliyempa kazi nyingine ni Anwar, mfanyabiashara aliyekuwa akienda Dubai na kurudi. Wengine walileta redio na matairi. Anwar alileta mashine za gemu, makabati makubwa yenye kioo na kijiti cha kushika, ambazo huko zilikotoka zilikwisha chokwa. Akazipanga katika jengo lililokuwa duka la ushirika enzi za foleni za sukari, akatundika televisheni ukutani, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: ANWAR GEMU. Nassibu akawa msimamizi. Alifungua mlango asubuhi, akafuta vioo, akauza koini za kuchezea, na kabla wateja hawajaja alicheza kila mashine mara moja kuhakikisha kwamba ni nzima. Hivyo ndivyo alivyokuja kuwa hodari wa mchezo wa ndege. Ndege za adui zinashuka kutoka juu, wewe uko chini na ndege yako, unakwepa na kupiga. Wachezaji wengine waliona vurugu. Nassibu aliona nyuzi.

Nje ya mlango ule, upande wa kivulini, Mwamvita alikaanga mihogo.

Mwamvita alikuwa Mzaramo wa palepale, mjane, mnene wa wastani, mwenye mdomo ambao mtaa mzima uliuogopa na kuufuata. Watu walitoka mbali kununua muhogo wake, wengine kwa ajili ya pilipili yake, wengine kwa ajili ya maneno yake. Na Mwamvita ndiye aliyeweza kumfungua Nassibu mdomo, kwa sababu Nassibu ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Tangu enzi za misafara, babu wa Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani, babu wa Wazaramo wamekaa njiani wanawangoja. Mtani hana haja ya kuomba ruhusa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka. Anaweza kuondoka na kuku wako nawe huna pa kumshtaki.

Walijuana msibani. Baba yake Mwamvita alipofariki, wazee walitazama huku na huku wakaona hakuna mtani hata mmoja, na msiba bila mtani ni kama pilau bila viungo. Mmoja akamwona Nassibu amejibanza nyuma kabisa, akamwambia aje afanye kazi yake. Nassibu akatoka, akaenda kukaa mlangoni, palepale jeneza litakapopita, akasema kwa sauti ambayo mwenyewe hakuijua kwamba mzee huyu haondoki mpaka alipe ujira wa pembe za ndovu ambazo babu yake Nassibu alimbebea babu yake marehemu toka Tabora. Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Mwamvita, aliyekuwa hajala wala kusema tangu alfajiri, akacheka mpaka akashikiliwa. Akamtupia kiatu chake kama malipo.

Tangu siku hiyo hawakuachana kwa maneno. Nassibu akifungua mlango asubuhi, Mwamvita anaanza. "Mtumwa wangu, umeamka? Nilidhani umerudi kwenu kula michembe, viazi vyenu vya kukausha." Naye Nassibu, ambaye kwa watu wengine hana neno, anajibu akiwa anafuta kioo, "Nimeamka, bibi mvivu. Shamba la urithi mmelimaliza, au bado lipo la kuuza mkacheze mdundiko?" Wateja walisahau mihogo yao. Hata akicheza mashine, Mwamvita alimwandama kutoka dirishani, na ilikuwa ajabu: kadiri alivyotukanwa ndivyo mkono wake ulivyotulia. Pengine ilimkumbusha kelele za kiwandani.

Taabu ilianza Nassibu alipompenda.

Maana mtani utamwambiaje jambo la kweli? Alijaribu kwanza mwenyewe. Siku moja wateja wamepungua, akachuchumaa karibu na karai akasema, "Mwamvita, nataka nikuoe." Mwamvita hakuinua hata uso. Akamwuliza mahari atatoa nini, zile pembe babu zake walizoziangusha njiani? Mama mmoja aliyekuwa akingoja kachumbari akacheka mpaka akakaa chini, na Nassibu akacheka pia, afanye nini.

Akajaribu tena Ijumaa moja baada ya swala, amevaa kanzu mpya na kofia iliyoshonwa kwa mkono, ili nguo iseme kwamba leo si mchezo. Mwamvita akawaita wanawake wa jirani waje waone mtumwa alivyopendeza, nani amemvalisha, na je, anauzwa?

Mwisho akafanya kama watu wanavyofanya. Akatuma mshenga. Lakini hapo alifanya kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu aliyemtuma ni Kasimiri, fundi baiskeli, rafiki yake wa siku nyingi, naye ni Mnyamwezi. Kasimiri akaenda nyumbani kwa Mfaume, kaka yake Mwamvita, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo baada ya baba kufariki. Akapiga hodi kwa adabu, akakaa ukingoni mwa mkeka, akaanza maneno ya posa. Mfaume alimsikiliza mpaka nusu, akaangua kicheko, akaita watu wa nyumbani waje wasikie watani walivyochangamka mwaka huu. Wakampa Kasimiri ufagio, wakamwambia mshenga wa Kinyamwezi hufagia uwanja kwanza. Kasimiri, ambaye naye ni mtani na anazijua taratibu, akafagia. Walimpa pilau sahani iliyojaa na kumsindikiza kwa vigelegele. Alirudi kwa Nassibu ameshiba, akasema, "Ndugu yangu, nimepokewa vizuri sana. Ila sidhani kama wameelewa."

Basi Nassibu akakaa nalo moyoni.

Mwaka ule kituo kimoja kipya cha televisheni kilianzisha mashindano yaliyoitwa Kidole Chepesi. Yalirushwa kila Jumamosi saa moja jioni, na saa hiyo barabara za Kinondoni zilipungua watu. Washindani wawili walicheza gemu mbele ya kamera, na kila mmoja alikuja na mshangiliaji wake, anayeketi kwenye kiti cha juu nyuma yake. Mtangazaji alikuwa kijana wa Kihaya aitwaye Revelian, mwenye koti la kung'aa na sauti ya asali. Mshindi alipewa redio ya kaseti, lakini watu wa Dar es Salaam walipendea jambo jingine: mshindi alikabidhiwa kipaza sauti atume salamu kwa yeyote amtakaye, nchi nzima ikisikia na kumwona.

Anwar alitaka jina la jumba lake litajwe. Akamwambia Nassibu aende. Nassibu akakataa kabisa. Alisema hata kusimama msikitini kuomba mchango kulimtoa jasho, seuze televisheni. Anwar akamwacha. Lakini Jumamosi iliyofuata Nassibu alimwona mshindi mmoja, dereva wa lori, akishika kile kipaza sauti na kumwomba msamaha mkewe kwa jina, na mke akaja kutafutwa na wapiga picha. Hakuna aliyecheka. Neno lililosemwa pale lilikuwa neno.

Usiku ule Nassibu hakulala vizuri. Asubuhi akamwambia Anwar amekubali. Anwar hakujua kwa nini, wala hakuuliza. Mpango wa Nassibu ulikuwa huu: akishinda, atashika kipaza sauti, atamtaja Mwamvita binti wa marehemu mzee wa Mwananyamala, atasema anataka kumwoa, na mbele ya nchi nzima hakuna Mzaramo atakayesema ni utani. Akishindwa, basi, atabaki mtani wa kupewa kichwa cha muhogo na kutukanwa.

Mshangiliaji alitakiwa awe Anwar mwenyewe. Mwamvita aliposikia, akaweka mwiko chini. Akasema haijapata kutokea mtumwa akapelekwa mnadani bila bwana wake, na kwamba yeye ndiye atakayekaa kwenye kile kiti. Anwar akamtazama Nassibu. Nassibu akasema hewala.

Studio yenyewe ilikuwa bohari huko Mikocheni, iliyopakwa rangi ya buluu. Ndani taa zilichoma kama jua la saa saba. Mshindani wake alikuwa binti aitwaye Najat, mwanafunzi wa uchapaji kutoka Buguruni, aliyetafuna ubani muda wote. Alimpa Nassibu shikamoo kwa adabu zote, akamwuliza kama baba ameshazoea mashine hizi, na aliposikia ni msimamizi wa jumba la gemu akasema, "Basi baba utaniumiza," ila hakuonekana kuogopa.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa magari. Nassibu alipokaa, mikono ilikuwa baridi. Watazamaji walikuwa wameagizwa kunyamaza mpaka waonyeshwe kibao cha kupiga makofi. Ukimya ule ulimkaba. Gari lake likagonga ukingo mara ya kwanza, likagonga tena, na ndipo kutoka kiti cha juu ikashuka sauti anayoijua.

"Mtumwa, hiyo ni barabara, siyo njia ya pembe. Huna mzigo kichwani, mbona unakwenda upande?"

Watazamaji wakapasuka kwa kicheko bila kibao. Msimamizi wa studio alipunga mikono awanyamazishe, lakini Revelian alikuwa mjanja, akamwashiria amwache mama aendelee. Nassibu akahisi vidole vinapata joto. Akamjibu bila kugeuka kwamba yeye anafahamu kwenda, ambao hawajui kwenda ni wale waliozaliwa wamekaa barazani. Gari likanyooka, likampita Najat, likafika.

Mchezo wa pili ulikuwa wa matofali yanayodondoka na kupangwa. Hapo Najat alimwacha mbali, vidole vikienda kama anachapa barua, na Mwamvita akautangazia umma kwamba ndiyo maana Wanyamwezi hujenga nyumba za duara, matofali yamewashinda. Hata wapiga kamera walicheka. Wakawa sawasawa. Ukabaki mchezo wa mwisho, nao ni wa ndege.

Kila mmoja alipewa ndege tatu, wa kubaki hewani ndiye mshindi. Nassibu alianza kama yuko peke yake asubuhi na kitambaa cha kufutia vioo. Nyuzi zilishuka, akazipita. Nyuma yake Mwamvita alimwaga maneno, habari za michembe, za asali, za babu aliyeiona bahari akauliza nani ameimwagia chumvi. Nassibu alikuwa akitabasamu. Najat akapoteza ndege, Nassibu naye akapoteza. Najat akapoteza ya pili, na baada ya kitambo ya pili ya Nassibu ikaenda. Kila mmoja akabakiwa na ya mwisho. Mashambulizi yakazidi, kioo kikajaa. Nassibu aliziona zote. Aliona hata mahali atakaposimama akishika kipaza sauti.

Ndipo Mwamvita aliponyamaza.

Hakunyamaza kidogo kidogo. Alikata katikati ya neno. Nassibu akangoja liendelee, halikuendelea. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Kwa Nassibu ilikuwa kama mashine zote za kiwanda zimezimika kwa pamoja, na katika kiwanda mashine zikizimika, mfumaji hugeuka. Basi akageuka. Ilikuwa nusu ya nusu ya kugeuka, hakuona hata kitu, mwanga wa taa tu. Na aliporudisha macho kwenye kioo ndege yake ilikwisha lipuka.

Najat akaruka juu. Alipewa redio na kipaza sauti, akamsalimia mama yake, shangazi zake wote kwa majina, mwalimu wake wa chapa, na yule baba aliyecheza naye, Mungu amzidishie. Nassibu alipewa katoni ya sabuni. Alisimama nayo pembeni, na Revelian akamshika bega akisema asante mzee wetu, huku akimsogeza ili kamera ipite.

Wakati wa kurudi, Mwamvita alikaa mbele kwenye pikapu ya Anwar, Nassibu nyuma na sabuni yake. Njia nzima Mwamvita alitazama dirishani. Aliposhuka alisema, "Haya, usiku mwema," maneno ya mtu na mpangaji wake.

Zilifuata siku mbaya. Nassibu alifungua mlango asubuhi, akangoja, hakutukanwa. Mwamvita alimfungia muhogo kwenye gazeti, akampa, akageukia karai. Nassibu akajua kwamba amemwaibisha mama wa watu mbele ya kamera, kwamba sasa hata utani umekwisha, na aliyekuwa na kidogo amenyang'anywa kile kidogo.

Jumamosi ikafika, siku ya kurushwa hewani yale yaliyorekodiwa studio. Anwar alikuwa amepanga viti mpaka nje. Mtaa mzima ulikuja. Mfaume alikuja na wake na watoto, akakaa mbele kama mkuu wa ukoo. Mwamvita alisema kichwa kinamwuma, lakini mashoga zake walimbeba wakamketisha kwenye benchi. Nassibu alisimama nyuma kabisa, karibu na mashine zake, amepanga kutoka kabla ya mchezo wa mwisho. Kasimiri akamshika shati asitoke.

Watu walicheka mpaka wakakohoa. Kila Mwamvita alipomtukana Nassibu kwenye kioo, jumba zima lilipiga makofi. Kisha ukaja mchezo wa ndege, na kioo kikagawanyika: upande huu mikono ya Nassibu, upande ule uso wa mshangiliaji, maana kumbe kulikuwa na kamera nyingine iliyomkabili Mwamvita muda wote.

Nassibu hakuwahi kuuona uso ule. Pale studio alikuwa ameupa mgongo.

Aliuona sasa. Mwamvita anasema, anasema, halafu ndege zikabaki moja moja, na neno likamkwama. Akachukua pindo la khanga akalitia mdomoni, akaliuma. Akafumba macho. Mikono ikafunguka mapajani, viganja juu, midomo ikicheza nyuma ya khanga: alikuwa akimwombea dua. Ndege ilipolipuka, Mwamvita wa kwenye kioo alifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakatikisika, wala haikuwa kwa kicheko.

Jumba zima liliacha kucheka. Sauti pekee ilikuwa ya Najat akisalimia shangazi zake.

Shoga mmoja ndiye aliyeanza. "Mwamvita we," alisema polepole, "hivyo ndivyo mnavyotaniana?"

Mwamvita alikuwa ameinamisha kichwa. Mfaume akageuka kwenye kiti chake, akatafuta kwa macho mpaka akamwona Nassibu kule nyuma. Alimtazama kitambo, kama mtu anayepiga hesabu ya jambo la zamani.

"Shemeji," akasema, halafu akasita kwa sababu neno lenyewe lilimtoka bila kutaka. "Yule Kasimiri uliyemtuma kwangu. Alikuja kwa kweli?"

"Alikuja kwa kweli, kaka," Nassibu akasema. Sauti ilitoka nzima, na watu wote waliisikia.

"Nasi tukamfagilisha uwanja."

"Alifagia vizuri," mke mkubwa wa Mfaume akasema, na jumba likaanza kucheka taratibu, kicheko cha furaha, kikapanda mpaka nje walikokaa wasioona vizuri, nao wakacheka kabla hawajaambiwa kuna nini. Kasimiri aliinua mkono kusema kwamba yeye hana kinyongo.

Mfaume akawanyamazisha. Alimgeukia dada yake, akamwambia kwamba mbele ya watu hawa wote hataki kesho aambiwe kamwoza kwa nguvu, wala aambiwe kamnyima; yeye mwenyewe aseme, anamtaka huyu Mnyamwezi au hamtaki?

Mwamvita alivuta khanga mpaka usoni, likabaki jicho moja tu.

"Mie nimeshasema pale kwenye televisheni," akasema. "Nchi nzima imeona. Sasa mnataka niseme mara ngapi?"

Vigelegele vikaanzia kwenye benchi la mashoga. Anwar akainuka, akapunguza sauti ya televisheni, ili watu wasikilizane wakipanga siku.